Gari kuukuu linapolia: Namna ya kutambua chanzo cha sauti kabla ya kununua vipuri

GARI lililotumika kwa miaka mingi halikosi sauti. Kila asubuhi magari yanapojipanga katika Barabara ya Waiyaki kutoka Kinoo, Uthiru na Kangemi, au katika Barabara ya Ngong kutoka Karen na Dagoretti Corner kuelekea katikati ya jiji la Nairobi, msikilizaji makini husikia milio ya kila namna: mikanda inayopiga mluzi, breki zinazokwaruza, silensa zilizotoboka na mabati yanayogongana chini ya gari.

Wenye magari wengi huzizoea sauti hizo hadi wakaacha kuzisikia, au huongeza sauti ya redio ili kuzifunika. Wengine hukimbilia gereji na kumwambia fundi maneno mawili tu: gari linalia. Fundi naye, kwa kukosa maelezo, hulazimika kubahatisha. Shokomzoba hubadilishwa, kisha bushi, kisha boljointi, na baada ya siku tatu sauti ingali pale pale ilhali mwenye gari amekwisha kutumia karo ya mtoto.

Kuna hasara nyingine iliyo kubwa kuliko pesa. Sauti iliyopuuzwa huenda ikawa ya breki, ya boljointi au ya beringi ya gurudumu, na vipuri hivyo vikikatika gari likiwa mwendoni, anayeumia si dereva peke yake.

Njia ya kuepuka hasara zote mbili haihitaji mtambo wa gharama. Kabla ya kununua kipuri chochote, mwenye gari anapaswa kujibu swali moja: sauti hii hufuata nini?

KWA NINI GARI KUUKUU HULIA

Kiwango cha KS 1515:2000 cha Shirika la Ukadiriaji Ubora wa Bidhaa (KEBS) hakiruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Mengi ya magari hayo hutoka Japani. Gari lililofika Mombasa likiwa na umri wa miaka saba, kisha likatumika Nairobi kwa miaka kumi, huwa limetimiza miaka 17. Toyota Corolla za aina ya 110, zilizoundwa katika nusu ya pili ya miaka ya tisini, sasa zimepita robo karne.

Katika umri huo, mambo matatu hutokea. Kwanza, mpira hukauka na kupasuka. Bushi za miguu ya gari na vishikio vya injini huundwa kwa mpira ili kumeza mtikisiko. Mpira ukifa, chuma hukutana na chuma na kutoa kishindo.

Pili, sehemu zinazozunguka hulika. Beringi iliyolika hupoteza ulaini wake na kuanza kuvuma. Mhimili uliokuwa ukizunguka katika utando mwembamba wa oili hupata nafasi ya kucheza na kuanza kugonga.

Tatu, vitu vilivyofungwa hulegea. Nati, vibano vya eksozi na mabati ya kukinga joto hulegezwa na mtikisiko wa miaka mingi, hasa kwa gari linalopita kila siku katika barabara zenye matuta na mashimo. Hivi ndivyo vinavyochakacha na kutatarika.

MAMBO MATANO AMBAYO SAUTI HUFUATA

Takriban sauti zote za gari hufuata mojawapo ya mambo matano: mzunguko wa injini, mwendo wa magurudumu, mtikisiko wa barabara, usukani au breki. Anayejua sauti yake iko katika kundi lipi huwa amekwisha kuondoa sehemu kubwa ya gari katika orodha ya washukiwa.

Jaribio la kwanza hufanywa gari likiwa limesimama. Dereva hufunga breki ya mkono, huweka gia huru na kuongeza kasi ya injini polepole, huku milango na madirisha ya gereji yakiwa wazi ili moshi utoke. Iwapo sauti inasikika na kupanda pamoja na injini, chanzo chake ni injini yenyewe au kitu kinachoendeshwa na injini.

Ikiwa gari lililosimama liko kimya lakini sauti huanza mara linapokwenda, shaka huhamia kwenye magurudumu, ekseli na matairi. Ili kuwa na hakika, dereva anaweza kushika kasi moja katika barabara tambarare isiyo na msongamano, kisha kubadilisha gia kwenda ya chini bila kubadilisha mwendo wa gari. Hapo injini itazunguka kwa kasi zaidi ilhali magurudumu yatabaki vile vile. Sauti isiyobadilika ni ya magurudumu. Sauti inayopanda ni ya injini.

Wapo wanaojaribu kupata jibu hilo kwa kuzima injini gari likiwa mwendoni. Huo ni mwiko. Injini ikizimika, usukani na breki huwa vizito, na ufunguo ukivutwa nje usukani unaweza kujifunga.

SAUTI ZA INJINI

Sauti inayosikika zaidi asubuhi yenye manyunyu ni mluzi mkali wa mkanda wa mbele ya injini, ule unaoendesha oltaneta na, katika magari mengi, pampu ya maji na ya usukani. Mkanda uliolegea au uliong'aa kwa kuzeeka huteleza juu ya puli, hasa injini inapowashwa na betri inapohitaji kujazwa. Fundi akinyunyizia maji kidogo upande wenye mbavu huku amejikinga, mluzi utatoweka kwa muda mfupi au kuongezeka. Ukitoweka, huenda puli hazijalingana. Ukiongezeka, mkanda umelegea.

Iwapo badala ya mluzi kunasikika mkwaruzo au mvumo wa mfululizo kutoka mahali hapo hapo, washukiwa ni beringi za oltaneta, za pampu ya maji au za puli ya kukaza mkanda. Fundi mwangalifu huondoa mkanda na kuwasha injini kwa sekunde chache tu. Sauti ikinyamaza, huzungusha kila puli kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, hadi apate iliyokwaruza. Kwa dakika kumi za kazi hiyo, mwenye gari huepuka kununua oltaneta asiyoihitaji.

Mlio mwepesi wa 'tak-tak-tak' kutoka juu ya injini, unaokwenda kwa nusu ya kasi ya injini, mara nyingi ni wa vali na tapeti. Hatua ya kwanza si kufungua injini, bali ni kuvuta kijiti cha kupimia oili, gari likiwa mahali tambarare na limepumzika kwa dakika chache. Oili iliyopungua, au iliyokaa muda mrefu hadi ikapoteza nguvu, huacha tapeti bila kinga. Iwapo oili ni ya kutosha na ni safi, ndipo tapeti hupimwa na kurekebishwa.

Mlio unaofanana na huo lakini unaosikika injini ikiwa baridi na kupungua inapopata joto huenda ukatokana na gasketi ya eksozi iliyovuja. Chuma kinapopata joto hutanuka na kuziba ufa kwa kiasi. Uvujaji huo haupaswi kudharauliwa, kwa sababu moshi wa eksozi una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Ikipenya ndani ya gari lililofungwa madirisha kwenye msongamano, inaweza kuwalevya na hata kuwaua waliomo.

Sauti ya tatu hutokea injini inapobebeshwa mzigo, kwa mfano gari linapopanda mlima wa Valley Road likiwa na abiria watano na gia ya juu. Husikika kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, na hukoma dereva anapopunguza kukanyaga mafuta. Hiyo ni dalili kwamba mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Chanzo chaweza kuwa mpangilio mbaya wa kuwasha plagi, joto la kupita kiasi, masizi mengi ndani ya injini au petroli hafifu.

Jambo hilo la mwisho lina historia nchini. Petroli iliyochanganywa na mafuta taa hupoteza uwezo wa kustahimili mgandamizo. Mnamo Septemba 2018 serikali ilianza kutoza ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuwaondolea wafanyabiashara tamaa ya kuyachanganya na mafuta ya magari. Iwapo sauti ya kokoto ilianza mara tu baada ya kujaza tangi, na ikakoma baada ya kujaza kwingine, mwenye gari huwa amepata jibu bila ya kufungua hata nati moja.

Sauti ya kuogopwa kuliko zote ni mgongo mzito wa 'ko-ko-ko' kutoka chini ya injini, unaoongezeka injini inapokanyagwa. Mafundi husema injini 'imenoki'. Maana yake ni kwamba beringi zinazoshika mikono ya pistoni kwenye krankshafti zimelika. Gari lenye sauti hiyo, hasa taa nyekundu ya oili inapowaka pamoja nayo, lizimwe papo hapo na kuvutwa. Kilomita tano za kujikokota hadi nyumbani zinaweza kugeuza injini ya kutengenezwa kuwa chuma chakavu.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba kimya hakithibitishi usalama. Mkanda wa taimingi, unaopatikana kwenye injini nyingi za miaka ya tisini, kwa kawaida hukatika bila kutoa onyo la sauti. Watengenezaji wengi wa Japani hupendekeza ubadilishwe kila kilomita 100,000. Injini zilizofuata, kama ile ya Toyota ya 1NZ inayotumika kwenye Probox na Fielder, zina cheni badala ya mkanda. Cheni iliyorefuka huchakacha kwa sekunde kadhaa injini inapowashwa ikiwa baridi.

SAUTI ZA MAGURUDUMU NA EKSELI

Mvumo unaopanda kadiri gari linavyoongeza mwendo huwachanganya hata mafundi, kwa kuwa beringi iliyolika na tairi lililolika vibaya hutoa sauti zinazokaribiana. Tofauti yao huonekana barabara inapobadilika. Mvumo wa tairi hubadilika gari linapotoka kwenye lami laini na kuingia kwenye lami yenye kokoto. Mvumo wa beringi haujali aina ya barabara.

Beringi nayo hujifichua kwenye kona. Gari linapokata kushoto, uzito wake huegemea magurudumu ya kulia. Mvumo ukiongezeka hapo na kupungua gari linapokata kulia, beringi ya kulia ndiyo ya kushukiwa kwanza. Baadaye gari huinuliwa, gurudumu likatikiswa kutoka juu na chini, kisha likazungushwa kwa mkono. Kucheza au mkwaruzo huthibitisha shaka.

Barabara ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa kwa umma Mei 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, imewapa madereva wa jiji mahali pa kusikia mivumo hiyo, kwa kuwa gari linaweza kushika mwendo mmoja kwa muda mrefu bila kusimama. Aliyekuwa akitambaa kila siku kwenye msongamano huenda akasikia beringi yake kwa mara ya kwanza huko, ingawa ilianza kulika miezi mingi iliyopita.

Mlio wa 'tak-tak-tak' unaosikika gari linapogeuka kabisa na kuondoka, kama vile kwenye maegesho ya maduka au kwenye mzunguko mdogo, ni alama ya kiungo cha nje cha ekseli ya mbele, kinachojulikana katika gereji kama sivi-jointi. Chanzo huwa ni mpira unaokifunika kupasuka, grisi ikamwagika na vumbi likaingia. Mpira uliopasuka ukionekana mapema, hubadilishwa kwa bei nafuu na kiungo kikanusurika. Mlio ukishaanza, kiungo chenyewe kimekwisha kulika.

Kwa magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, yakiwemo pikapu na matatu nyingi, kishindo kimoja gari linapoondoka au gia inapobadilishwa huashiria viungo vya propela vilivyolegea. Mvumo wa kulialia kutoka nyuma, unaobadilika dereva anapokanyaga na kuachilia mafuta, huelekeza kwenye difu. Hapo jambo la kwanza ni kupima oili ya difu, ambayo wengi huisahau kwa miaka.

SAUTI ZA MATUTA NA MASHIMO

Barabara ya Naivasha, inayotoka Dagoretti Corner kupitia Riruta na viunga vya Kawangware hadi Uthiru, pamoja na vichochoro vinavyoingia mitaani kutoka barabara hiyo, ni shule ya kundi hili la sauti. Gari hugonga linapopanda tuta, likagonga tena linaposhuka, na dereva akaamua kwamba shokomzoba zimekufa.

Mara nyingi shokomzoba husingiziwa. Mgongano mwepesi wa harakaharaka kwenye vijitundu vidogo, gari likienda polepole, mara nyingi hutoka kwenye linki za stebilaiza, vipande vidogo ambavyo ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa katika miguu ya gari. Kishindo kizito cha mara moja wakati wa kufunga breki au kuondoka huelekeza kwenye bushi za mkono wa chini. Mlio wa kukereza kama kitanda cha zamani, unaotoweka mvua inaponyesha, ni wa mpira uliokauka.

Shokomzoba iliyokufa ina dalili nyingine. Gari hudunda zaidi ya mara moja baada ya tuta, tairi hulika kwa mabonde mabonde, na oili huonekana imechuruzika kwenye mwili wake. Pasipo dalili hizo, hakuna sababu ya kuinunua.

Boljointi ndiyo isiyofaa kubahatishwa. Hutoa mgongano gari linapopita tuta huku usukani umekatwa, na hucheza gurudumu linapoinuliwa na kushindiliwa kwa mtaimbo. Ikichomoka, gurudumu hulala upande na dereva hupoteza usukani. Gari lenye boljointi iliyolegea lisiendeshwe hadi mwisho wa mwezi kusubiri mshahara.

BREKI, USUKANI NA KLACHI

Breki zina lugha inayoeleweka kwa urahisi. Mlio mwembamba na mkali kila breki inapokanyagwa huenda ukatoka kwenye kibati kidogo ambacho watengenezaji wengi hukiweka kwenye pedi ili kigusane na diski pedi inapokaribia kwisha. Mlio wa asubuhi unaotoweka baada ya kukanyaga breki mara mbili tatu husababishwa na kutu jepesi lililoshika diski usiku, na hauna madhara.

Mkwaruzo wa chuma kwa chuma humaanisha kwamba pedi imekwisha na chuma chake kinakata diski. Hapo breki zimepungua nguvu, na kila safari huongeza gharama, kwani badala ya pedi pekee sasa diski nayo itahitajika. Anayeteremka kutoka Kikuyu hadi Westlands, huku magari mbele yakisimama ghafla Kangemi, hana nafasi ya kuahirisha matengenezo hayo.

Usukani unaonguruma unapokatwa hadi mwisho, hasa wakati wa kuegesha katikati ya jiji, aghalabu hulalamikia upungufu wa mafuta ya pawa stiaringi. Kuongeza mafuta pekee hakutoshi. Ni lazima pawe na mahali yanapovuja.

Kwa gari la gia za mkono, kanyagio la klachi ni chombo cha uchunguzi. Sauti inayoanza klachi inapokanyagwa ni ya beringi ya kusukuma klachi. Sauti inayonyamaza klachi inapokanyagwa na kurudi inapoachiliwa hutoka ndani ya giaboksi. Kumweleza fundi jambo hilo moja hubadilisha kabisa kazi atakayoifanya.

SAUTI ZA KUDANGANYA

Kabla ya kuinua gari, ni busara kuliondolea vitu vyote visivyo vyake. Jeki iliyolegea kwenye buti, chupa iliyo chini ya kiti, spana iliyosahauliwa na gurudumu la akiba lisilofungwa vyema vimewahi kuwafanya watu wabadilishe vipuri vizima. Nambari ya usajili iliyolegea hutatarika kama kitu kikubwa, na bati la kukinga joto la eksozi huvuma katika kasi moja tu ya injini kisha likanyamaza.

Nati za magurudumu nazo zikaguliwe mapema, hasa sauti ya kugonga ikianza baada ya kuziba pancha. Nati zilizolegea hugonga gari likienda polepole na huweza kung'oa gurudumu barabarani. Kuzikaza ni kazi ya dakika tano.

NAMNA YA KUSIKILIZA

Daktari Mfaransa René Laennec alibuni chombo cha kusikilizia kifua cha mgonjwa mwaka wa 1816. Mafundi wa magari hutumia kanuni hiyo hiyo kwa bisibisi ndefu: ncha huwekwa kwenye kipande kinachoshukiwa na mpini ukasogezwa karibu na sikio. Chuma hubeba sauti vizuri kuliko hewa, na beringi mbovu hunguruma waziwazi ilhali jirani zake ziko tulivu. Anayefanya hivyo ajiepushe na mikanda na feni, na asiwe na nguo inayoning'inia.

Vilevile, inafaa watu wawili washirikiane, mmoja akiendesha polepole na mwingine akisikiliza kutoka kila upande. Kupita karibu na ukuta madirisha yakiwa wazi husaidia, kwa kuwa ukuta hurudisha sauti za magurudumu. Simu ya mkononi inaweza kurekodi sauti ambayo hujificha kila gari linapofika gereji.

Mtambo wa kusoma kompyuta ya gari una mipaka yake. Marekani ililazimisha magari mapya kuwa na mfumo wa pamoja wa uchunguzi huo kuanzia miundo ya mwaka wa 1996, na magari mengi ya kale zaidi hayana. Hata penye mfumo huo, kompyuta hupima umeme, hewa na mafuta. Haioni bushi iliyokufa wala nati iliyolegea.

Kwa usalama, asiingie mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Stendi imara zitumike, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe.

KWA FUNDI NA KATIKA BARABARA YA KIRINYAGA

Maelezo mazuri kwa fundi hutoshea katika sentensi mbili. Mfano: mgongano hutoka mbele kushoto, husikika gari likipita vijitundu chini ya kilomita 30 kwa saa, haubadiliki breki inapokanyagwa, na ulianza wiki mbili zilizopita. Fundi wa jua kali mwenye maelezo hayo huwa mbele ya gereji kubwa iliyoambiwa tu kwamba gari linalia.

Ni haki ya mwenye gari kumtaka fundi aende naye barabarani waisikie sauti pamoja, aonyeshe kipande kibovu kabla ya kukifungua, na amrudishie kipuri cha zamani. Vipande visibadilishwe vitatu kwa mpigo. Kikibadilishwa kimoja kisha gari likajaribiwa, hujulikana kilichokuwa na kosa.

Wanunuzi wengi wa vipuri hufika katika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wa jiji bado huiita Grogan. Huko hupatikana vipuri vipya vya watengenezaji wenyewe, vipya vya kampuni nyingine na vilivyotumika kutoka ng'ambo. Mnunuzi abebe nambari ya chesisi na kipande cha zamani kwa kulinganisha, adai risiti na kuuliza iwapo kinaweza kurudishwa. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 inaharamisha vipuri vya kughushi, lakini vingali sokoni. Maandishi yaliyokosewa kwenye pakiti na bei iliyo chini mno ni onyo la kutosha.

Kwa breki, boljointi na viungo vya usukani, kipuri kilichotumika si akiba. Mpira wake una umri sawa na ule unaotolewa.

LINI GARI LISIMAME

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari na sehemu zake zote zidumishwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara. Hata pasipo sheria, sauti zifuatazo hazivumilii hadi kesho: mkwaruzo wa chuma katika breki, mgongo mzito wa injini au sauti yoyote inayoambatana na taa ya oili, mgongano wa gurudumu unaoandamana na usukani kutikisika, na mgongano unaohisiwa mikononi dereva anapokata kona.

Sauti zinazoweza kusubiri wiki moja huku pesa zikitafutwa ni mluzi wa mkanda uliochunguzwa na kuonekana hauna nyufa, linki za stebilaiza, bushi zinazokereza na mabati ya eksozi. Zilizobaki zipewe siku chache, si miezi.

Mwenye gari kuukuu atafaidika kwa kuweka daftari dogo ndani ya gari na kuandika humo tarehe, kilomita, sauti iliyosikika, ilifuata nini na kipuri kilichobadilishwa. Baada ya mwaka mmoja, daftari hilo litamwonyesha fundi yeyote, hata aliye mgeni kwa gari hilo, mahali pa kuanzia kazi yake.